Nani Anapiga Gitaa la Radi

Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi na mkewe walikuwa na ugomvi mmoja ambao hakuna kati yao aliyetaka uishe. Haukuhusu wakwe, wala malezi ya binti yao, wala nani aliyeacha mlango wazi mbu wakaingia. Ulihusu gitaa. Mwimbaji wa roki ambaye wote wawili walimpenda tangu ujana, yule ambaye mashabiki walimwita Radi, anapopanda jukwaani na gitaa lake jekundu, ni yeye anayelipiga au analibeba tu?

Fundi alisema analipiga. Mkewe alisema analibeba kama mgeni aliyepakatishwa mtoto mchanga: amemshika vizuri, anatabasamu, na moyoni anaomba mama wa mtoto asichelewe kurudi.

Mama wa mtoto, kwa maoni yake, alikuwa mpiga gitaa wa pili, mtu mwembamba aliyesimama nyuma karibu na ngoma, mahali taa zisipofika. Mashabiki walimwita Kivuli. Studio, mke alikubali, Radi hupiga mwenyewe, maana huko mtu anaweza kukosea mara ishirini akarudia. Lakini mbele ya watu, katika ule wimbo mrefu wa kufunga onyesho, pale sauti inaponyamaza na gitaa linapanda peke yake hadi juu kabisa likalia kama mtu, hapo ni Kivuli. Angekula yamini.

Na si kwamba walikuwa watu wa masikio ya hivi hivi. Fundi alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na kibanda chake cha kioo ukutani mwa duka la nguo, na mteja akimpa saa, aliiweka sikioni kwanza kabla ya kuifungua, akasema inachelewa dakika mbili kwa siku, na ikawa ni mbili kweli. Mkewe alikuwa opareta wa simu katika kampuni kubwa kwa miaka ishirini na sita. Meneja akisema yuko safarini, Opareta alijua yuko chumba cha pili na anatafuna kitu.

Huko ndiko walikokutana. Fundi aliitwa kutengeneza saa ya ukutani ya chumba cha simu, na akiwa juu ya ngazi akawa anaimba chinichini wimbo wa Radi. Opareta, bila kuvua vile visikilizio vyake, alimwambia kwamba anauimba kama ulivyo kwenye onyesho, si kama ulivyo kwenye sahani ya santuri, na kwamba kama ameujifunza kwenye onyesho basi mwalimu wake ni Kivuli. Fundi nusura aanguke. Saa ile ilikuwa na ugonjwa wa nusu saa, lakini ilichukua siku tatu kupona.

Walikuwa na ushahidi, kila mtu na wake. Walirekodi maonyesho matatu kutoka redioni, kanda tatu, na kanda hizo zilisikilizwa hadi maandishi ya juu yakafutika. Fundi alisema Radi ana kawaida ya kuchelewa: sauti yake huingia nyuma ya ngoma kwa unywele mmoja, na gitaa la kwenye onyesho huchelewa kwa unywele uleule. Saa mbili haziwezi kuchelewa sawasawa hivyo, alisema, labda kama ni saa moja. Mkewe naye alikuwa na kikohozi. Kwenye kanda ya pili, gitaa likiwa juu kabisa, Radi anasikika akikohoa, kikohozi cha kifua kizima, na mlio wa gitaa hautikisiki hata chembe. Alimwambia mumewe akohoe hivyo huku ameshika parafujo ya saa kwa kibano. Fundi akajaribu. Parafujo ikaruka, haikuonekana tena mpaka leo, na Opareta alicheka hadi akaketi sakafuni.

Hivyo ndivyo walivyozeeka.

Kisha kiharusi kikaja, asubuhi, Opareta akiwa anakunja mashuka. Alipotoka hospitali mguu wa kulia ulikuwa wa kuburuta, mkono wa kulia ulikuwa umerudi nusu, na sauti haikurudi kabisa. Anaelewa kila kitu, daktari alisema. Maneno yamo yote. Ila njia ya kutoka kichwani hadi mdomoni imekatika, na njia hiyo hufunguka kidogokidogo, na pengine haifunguki yote.

Fundi alijifunza kupika, kumvisha, kumshika kiunoni wakienda bafuni huku akitazama pembeni ili asione aibu. Binti yao alikuja kila Jumamosi akafua. Jirani alipanda maua kwenye kopo akaliweka pale dirishani ambapo mgonjwa alikuwa anatazama, wala hakubisha hodi kusema ni yeye. Watu walikuwa wema. Lakini mwezi wa tatu, wa nne, Fundi akagundua kitu ambacho hakumwambia mtu. Hakuwa anatamani maneno matamu ya mkewe. Opareta hakuwahi kuwa mtu wa maneno matamu. Alichotamani ni kubishiwa. Nyumba nzima sasa ilikuwa inamkubalia. Akisema mvua itanyesha, binti alisema ndiyo baba. Akisema haitanyesha, majirani walisema kweli mzee. Na mkewe, ambaye angemwambia atoe kichwa nje aangalie kabla ya kusema, alitikisa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo, akamwacha na neno lake mkononi kama mtu aliyenyoosha mkono asisalimiwe.

Kila Jumanne alikuja mtaalamu wa kufundisha wagonjwa kusema. Alikuwa dada mdogo, mpole, aliyeketi kwenye kigoda ili macho yake yawe chini kuliko ya mgonjwa. Alikuja na kadi za picha: kikombe, ufunguo, samaki. Opareta alizitazama kadi zile kwa uso wa mtu aliyeulizwa na mtoto wa miaka miwili hii ni nini. Siku moja akakubali kujaribu. Akakaza midomo. Ikatoka "ki", ikakwama, na Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni na jasho jembamba akasema kwa niaba yake, kikombe.

Mtaalamu alimwomba Fundi watoke nje kidogo.

"Mzee wangu," alisema, "unampenda sana, naona. Lakini kila akianza safari unamletea gari. Hatatembea hivyo."

Fundi aliinamisha kichwa. Akaulizwa mkewe alikuwa anapenda kuongea nini zamani, maana kadi za samaki hazimsaidii mtu asiye na hamu na samaki. Fundi akafikiri, akacheka kwa aibu, kicheko cha kwanza tangu mashuka yale.

"Alikuwa anapenda kugombana na mimi."

"Basi gombana naye," mtaalamu akasema, akavaa viatu vyake.

Fundi alizitoa kanda. Alikaa mbele ya mkewe, akaweka ile ya kwanza, akasema hoja yake ya unywele kama alivyoisema mara elfu. Kisha akangoja. Opareta alimtazama. Midomo ikacheza kidogo, ikatulia. Fundi hakuweza kungoja zaidi, akajikuta anasema: najua, najua, utaniambia kikohozi. Akakisema kikohozi chote, na kibano, na parafujo. Akajijibu. Akajibishia. Alipomaliza alikuwa amegombana peke yake kwa robo saa, na mkewe alikuwa amegeukia dirisha.

Ikawa hivyo siku nyingi. Alijua kosa lake, akarudia kulifanya. Mtu aliyezoea kushika vitu vidogo visianguke hawezi kuona neno linaning'inia asilidake.

Mchana mmoja aliibeba kanda ya tatu hadi kibandani, aisikilize akiwa kazini. Kanda ile walirekodi kwa kuweka redio mbili zikitazamana mezani, kwa hiyo ilinasa na sauti za chumba: kijiko, kiti, gari likipita. Fundi alikuwa ameinama juu ya saa ya mteja, lenzi jichoni, mara kabla tu gitaa halijapanda akasikia sauti ya mwanamke kijana, karibu kabisa, ikisema, "Nyamaza, Fundi, unahema kama mbuzi."

Alikuwa ameisahau. Miaka yote waliisikiliza kanda ile pamoja, na mtu hasikii sauti ya mtu aliyeketi naye.

Akairudisha. Akaisikia tena. Nyamaza, Fundi. Kinyozi, mwenye duka la jirani, alipokuja kuomba moto wa kiberiti alimkuta ameegemeza kichwa kwenye redio, lenzi bado iko jichoni na imejaa ukungu. Kinyozi hakuuliza. Alivuta stuli, akaketi, akaisikiliza naye mara mbili, kisha akasema mbuzi wenyewe wangekasirika.

Kinyozi alikuwa shabiki wa Radi pia, wa upande wa Fundi, na mtu wa mdomo. Fundi alipomweleza mambo ya kadi na ya kugombana peke yake, Kinyozi alisema waziwazi kwamba kosa ni huruma. Nani atabishana na mtu anayemwonea huruma? Yeye, Kinyozi, hamhurumii mtu. Ananyoa hata wanaolia. Atakuja Alhamisi.

Alikuja, na alikuja Alhamisi zote zilizofuata, akifunga duka mapema. Kwanza alimchana Opareta nywele, kwa sababu aliona zimesongamana nyuma mahali mkono mgonjwa usipofika, na ingawa miaka yote alikuwa amenyoa wanaume tu, alifanya polepole, akianzia kwenye ncha. Kisha akaanza uchokozi. Alimwita shemeji. Alisema Kivuli hana uwezo wa kupiga hata kengele ya shule. Baada ya kila neno alinyamaza kiasi cha mtu kujibu, akamtazama machoni, halafu akasema, nimekusikia shemeji, lakini sikubali. Pembe moja ya mdomo wa Opareta ilipanda. Fundi aliiona. Usiku huo hakulala vizuri kwa furaha na kwa wivu, maana pembe ile haikupanda kwa ajili yake.

Lakini maneno hayakuja. Mwezi wa saba uliingia, na mtaalamu akaanza kusema taratibu kwamba wapo wanaoishi vizuri tu na ishara za mikono.

Ndipo habari ikaja kwamba Radi amestaafu. Alikuwa amefanya onyesho lake la mwisho, mzee wa karibu miaka sabini, na video yake ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu. Mashabiki walikuwa wanachambuana kila mahali, kwa sababu ilisemekana kwa mara ya kwanza kamera ilikuwa karibu, na vidole vinaonekana. Wa upande huu walisema ugomvi umekwisha. Wa upande ule walisema hivyohivyo.

Kinyozi alikuja siku hiyohiyo, ingawa haikuwa Alhamisi, simu mkononi, na aproni ya kazi bado shingoni. Aliapa hajaitazama. Wateja wote dukani walikuwa wanaitazama, na yeye alikuwa amenyoa huku ameziba masikio kwa pamba, ili waione wote watatu kwa mara moja.

Waliisimamisha simu kwenye kopo la sukari. Opareta aliketi katikati. Radi akatokea, nywele zimebaki chache na nyeupe, gitaa lilelile jekundu limening'inia kwenye mwili uliopungua. Nyuma yake, gizani, alikuwepo mtu mwembamba, naye amezeeka. Wimbo mrefu ukaanza. Sauti ya Radi ilikuwa imekwaruzika, na watu wa pale uwanjani walikuwa wanamsaidia kuimba, kwa upole, kama watu wanaomshika mzee mkono asijikwae.

Sauti ikanyamaza. Gitaa likaanza kupanda, na kamera ikashuka hadi kwenye vidole. Vidole vya mzee, vyenye viungo vilivyovimba, vikitembea juu ya nyuzi. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na pale pale gitaa lilipofika juu na kulia, kamera ikapanda usoni, kwenye macho yaliyofumbwa. Ilipokumbuka kurudi, mambo yalikuwa yamekwisha.

Kinyozi aliguna. Alisema mpiga picha huyo ni kama jirani mmbea, kila siku yupo dirishani, siku unapomhitaji awe shahidi kumbe alikwenda sokoni.

Fundi hakucheka, kwa sababu alikuwa anamtazama mkewe. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Mkono mzima umeshika kitambaa cha meza, jasho limetoka juu ya mdomo, koo linapanda na kushuka. Alitaka kusema. Hajataka kitu hivyo tangu augue. Ikatoka pumzi, ikatoka mlio, ukafa. Akajaribu tena, macho yakalowa, na Fundi akaona hawezi kuvumilia. Lolote alilokuwa nalo duniani angempa wakati ule ili kazi ile imwondokee. Na alichokuwa nacho ni kimoja.

"Basi," alisema. "Umenishinda. Nimeona mwenyewe. Kabla kamera haijapanda vidole vilikuwa vimesimama, na gitaa linaendelea. Ni Kivuli. Miaka yote ni Kivuli, nimekuwa nabisha bure."

Kinyozi alitazama sakafu. Naye alikuwa na macho, na vidole alivyoviona havikusimama.

Fundi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Alitazamia mkewe atulie, pengine atabasamu. Badala yake uso wa Opareta ulijikunja. Fundi akadhani ni maumivu, akanyanyuka kumletea maji.

"Mu," Opareta alisema.

Fundi alisimama. Maneno sita yalimjia kwenye ncha ya ulimi, yote yanaanza hivyo, na akayauma yote.

"Mu. Mu." Mkono mzima ukaacha kitambaa ukapiga meza, simu ikaanguka kifudifudi. "Muongo."

Fundi aliketi polepole. Ametukanwa na mkewe mbele ya mtu, na alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Opareta hakuwa amemaliza. Aliiinua simu kwa mkono wake mzima, akamsukumia Kinyozi, akazungusha kidole hewani: irudishwe. Kinyozi akairudisha. Vidole vya mzee vikatokea tena, na Opareta akaisimamisha video mwenyewe kwa kidole, akakivuta kichwa cha mumewe karibu kwa ukosi wa shati, kama mtu anayemwonyesha mtoto alipomwaga uji.

"Vi," alisema. Akapumua. Ilichukua muda ambao mtu angechemsha chai. "Vina. Piga."

Kinyozi alifungua mdomo, na Fundi akamkanyaga mguu chini ya meza.

Vinapiga. Yeye, aliyesema kwa miaka thelathini na mmoja kwamba havipigi. Ameona vinapiga, na hakuwa tayari kupewa ushindi wa uongo, hata na mume aliyempenda hivyo, hata kama ulikuwa ushindi wake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Hakuwahi kumwambia mtu bosi yuko safarini wakati anamsikia akitafuna. Fundi alimtazama, na kumbe miezi yote ile alikuwa anamtamani mtu ambaye hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti, amechoka kukubaliwa.

Alijua vilevile kwamba ni maneno mawili kwa mchana mzima. Alijua kwamba yule mwanamke wa kwenye kanda, anayemwaga maneno kama maji ya bomba, pengine harudi. Hilo lilimkaa kifuani na halikutoka. Lakini sasa ilikuwa zamu yake kusema, na mwanamke huyu alikuwa amemkazia macho, anangoja.

Angeweza kumshukuru. Angeweza kulia, alikuwa karibu. Angeweza kusema ndiyo mke wangu, kweli mke wangu. Alijifuta uso kwa kiganja, akajisogeza mbele, akaelekeza ukucha wake kwenye kioo cha simu, kwenye kiungo cha kidole cha tatu cha mwimbaji.

"Na kidole kilichovimba hivi," alisema, "kitafika vipi kule juu? Milio minne ya mwanzo, sawa, nakupa. Huko juu sikupi. Sikubali."

Kinyozi alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, anapinga upande aliousimamia nusu ya maisha yake. Opareta alikunja uso. Akavuta pumzi, akaegemea meza kwa kiwiko, akaanza kulitafuta neno lake huko mbali lilikokuwa, na mumewe akakaa mbele yake, amekunja mikono, hamsaidii.